“Itoe tu, mwanangu”: sura ya saba na fedha za kampuni ya chumvi

BARUA YA MSOMAJI

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Tanga mjini baada ya kukaa wiki tatu nikijiuliza kama jambo hili ni la kuletwa kwako au la kupelekwa kwa mwanasheria. Nimeona sehemu ya mwanasheria ni ndogo, na iliyobaki ndiyo inayoninyima usingizi. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mjane, mama wa watoto wawili, na nilifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari kwa miaka 14 kabla ya kuacha kazi mwaka 2015 na kuanzisha nyumba ndogo ya uchapishaji. Ninaposema nyumba ya uchapishaji usifikirie jengo. Ni chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga Ngamiani, chenye meza mbili, kompyuta moja, kabati la chuma, na mtoto wa kaka yangu anayepeleka vitabu kwa baiskeli.

Nilianza kwa sababu wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa pwani na wa mashamba ya mkonge, na nilitafuta bila kupata kitabu cha kuwapa kinachozungumzia baruti inayovunja matumbawe, au mwani unaokufa maji yakipata joto, au babu zao walioletwa kama manamba kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge. Kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwamba kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikizalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, hayo niliweza kuwafundisha. Mikono iliyoukata ndiyo niliyokuwa nikiitafuta siioni. Basi nikajiwekea sharti kwamba nitachapa vitabu vya namna mbili tu, vya mazingira na vya haki za watu, na mara nyingi nimekuta namna hizo mbili ni moja. Hadi sasa tumetoa vitabu 11, kila kimoja nakala 500 hadi 1,000. Kilichouzika kuliko vyote ni kitabu cha watoto kuhusu silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa katika majarife ya kina kirefu miaka ya 2003 na 2004, na ambaye jina lake limepewa hifadhi ya bahari ya hapa kwetu iliyotangazwa mwaka 2009.

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikikusanya masimulizi ya mama mmoja wa kijiji cha pwani upande wa Mkinga. Ana miaka 68, kila mtu humwita Bibi, nami nitamwita hivyo. Hakubahatika kusoma. Nilimrekodi mara 14, nyingi uani kwake, nyingine kando ya maji, maana siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, hata sasa hushuka na wenzake kuchokoa pweza. Tangu siku za ule mradi wa hifadhi ya ukanda wa pwani ulioanza mwaka 1994, ameongoza wanawake wa kijiji chake kupanda mikoko. Anaijua kwa majina na tabia: mkoko wenyewe, ambao matunda yake marefu huchomekwa moja kwa moja kwenye tope, mchu, unaostahimili chumvi upande wa nchi kavu, mkandaa, msinzi, mkomafi. Nimeyapanga masimulizi yake katika sura tisa, na ninaamini kitabu changu hiki ni bora kuliko vyote nilivyowahi kutoa.

Sura ya saba inaeleza jinsi kampuni moja ya chumvi ilivyopata eneo nyuma ya msitu wa mikoko. Walijenga matuta ili kutengeneza mabwawa ya chumvi, maji ya bahari yakakosa njia ya kupanda na kushuka, na mchu ambao haukuguswa na shoka ukakauka ukiwa umesimama. Bibi anasimulia jinsi kaa walivyotoweka, jinsi familia zilizokuwa na minazi pale zilivyopewa fidia ndogo, na jinsi wanawake walivyokwenda ofisini mara tatu wakaambiwa warudi kesho. Hakuna tusi ndani yake. Ni sura tulivu, na ndiyo maana inauma.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na ofisa uhusiano wa kampuni hiyo hiyo. Sijui walipataje habari, ingawa mjukuu wa Bibi ni mlinzi huko. Alisema kampuni ingependa kulipia kitabu changu, nakala 4,000, zigawiwe bure katika shule za msingi za pwani, na kwamba wangelipa pia gharama za kuhariri na kusanifu kurasa. Kisha akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba sura ile ya malalamiko haifai kwa watoto na ingekuwa vizuri iondoke. Alinipa hadi mwisho wa mwezi huu.

Shangazi, ningekuwa sina deni ningemkatalia palepale. Lakini ninadaiwa shilingi milioni 14: milioni 5 na mpiga chapa wa Dar es Salaam, na milioni 9 na SACCOS ya walimu ambako nilibaki mwanachama. Wadhamini wangu ni walimu wawili niliofundisha nao, na nikishindwa kulipa, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Mmoja wao anasomesha mtoto chuoni. Vitabu vyangu vingi viko madukani kwa mali kauli, na duka likiuza nakala kumi hunilipa za sita baada ya miezi minne.

Binamu yangu, ambaye ni mshirika wangu katika kazi hii, anasema nichukue fedha, kwani sura nane mikononi mwa watoto 4,000 ni bora kuliko sura tisa kabatini. Mwanangu mkubwa anasema nikichukua nitakuwa nimeuza kila kitabu nilichowahi kuchapa. Nilipompelekea Bibi habari hizi nilitarajia akasirike. Alinyamaza, akautazama mkeka, kisha akasema, “Itoe tu, mwanangu, watoto wasome.” Nililia njia nzima nikirudi mjini. Ninahisi hata yeye wamemnunua, au wamemtisha, au amechoka, na mimi nimebaki peke yangu kulinda kitabu changu. Nikikubali, nitakuwa nimesaliti kile nilichoachia kazi. Nikikataa, nyumba hii ya uchapishaji inakufa, nitawaangusha walionidhamini, na kitabu chake nacho kitabaki kwenye kompyuta. Nifanye nini?

Mchapishaji, Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na pole kwa wiki tatu za kukesha.

Naomba kwanza nikurudishie jambo lako kama nilivyolielewa, ili kama nimekosea ujue nimekosea wapi. Ninaona deni ambalo lingekuwapo hata kama simu ile isingelia. Ninaona sura moja ambayo kampuni isingependa isomwe, na fedha zilizowekwa kando yake. Na ninaona jibu la mwanamke mmoja, maneno matano tu, ambalo kwa jinsi ulivyoandika limekuumiza kuliko simu yenyewe na kuliko deni. Yote yamekufikia ndani ya mwezi mmoja, nawe umeyafunga katika fundo moja lenye ncha mbili, kusaliti au kufa. Sitaki kulipuuza fundo hilo, maana mtu aliyeacha mshahara wa serikali ili achape masimulizi ya manamba hawezi kuambiwa kwamba anajisumbua bure. Lakini naomba tulifungue polepole, tuanze na Bibi.

Umeniandikia jibu lake, ila hukuniandikia swali ulilomwuliza. Nimelitafuta barua nzima sikuliona. Unasema ulimpelekea habari, akanyamaza, akasema, “Itoe tu, mwanangu, watoto wasome.” Wewe ulisikia kwamba sura ya saba iondolewe. Yawezekana ndivyo alivyomaanisha, na sitadai kumjua mtu ambaye sijawahi kuketi uani kwake. Lakini tazama neno lenyewe, mwanangu, wewe uliyefundisha Kiswahili miaka 14. Katika barua hii hii umeniambia kwamba mmetoa vitabu 11. Mchapishaji hutoa kitabu, na kitabu kikawafikia watu. Mhariri naye hutoa sura, na sura ikapotea. Neno ni hilo moja. Bibi amekusikia miaka miwili ukimwambia kwamba utaitoa kazi yake. Je, una hakika kwamba siku ile hakukwambia uitoe sura hiyo, ili watoto waisome?

Sisemi kwamba ndivyo. Ninasema tu kwamba ulikwenda ukiwa na hofu, na hofu husikia upande mmoja wa neno. Hata kama alimaanisha iondolewe, bado ninaona umempa sababu tatu tu, kununuliwa, kutishwa na kuchoka, na zote tatu zinamweka mahali pa mtu asiyeweza tena kuamua mambo yake. Huyu ndiye aliyeongoza wanawake kwenye tope kwa zaidi ya miaka 20, na ndiye aliyekwenda ofisini mara tatu. Je, haiwezekani kwamba amepima? Mshahara wa mjukuu mlinzi si kitu kidogo katika nyumba ya kijijini, na bibi anayeuweka mshahara huo upande mmoja wa mizani na sura ya kitabu upande mwingine hajanunuliwa na mtu yeyote. Au huenda anaona kwamba kijijini kwake kila mtu anaijua sura ya saba kwa macho, wala hawahitaji kuisoma. Au, na hili nimeliona kwa wazee wengi, alikutazama usoni, akaona mtoto wa mjini aliyebeba mzigo, akakupa ruhusa ili urudi nyumbani ukiwa mwepesi. Ruhusa ya namna hiyo ni zawadi, na zawadi haifai kutumiwa kama mkataba.

Hapa naomba niulize jambo ambalo huenda litakuchoma kidogo. Katika barua yako umesema “kitabu changu” mara tatu, na “kitabu chake” mara moja. Ninaelewa, umekilea, umekisikiliza usiku kwenye vifaa vya kurekodia, umekipanga sentensi kwa sentensi. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi, si mchapishaji, haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake isikatwe wala kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake, na hakimiliki yenyewe hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Je, katika kazi iliyosimuliwa na mmoja na kuandikwa na mwingine, mwandishi ni nani? Mna karatasi yoyote inayosema? Kama hamna, basi kabla ya kampuni ya chumvi kuna mazungumzo ambayo ninyi wawili hamjayafanya, kuhusu jina la nani litakuwa jaladani, mapato yatagawanywaje, na nani ana neno la mwisho sura ikitiliwa shaka. Mtu anayechapa vitabu vya haki hawezi kukwepa swali hilo mlangoni pake, na ninakwambia kwa upendo kwa sababu ninaamini hukulikwepa kwa kukusudia. Tena, kwa kuwa hasomi, je, amewahi kusomewa sura ya saba yote, kwa sauti, kama ilivyo sasa? Maneno aliyoyatamka siku mbalimbali kando ya maji si sawa na sura uliyoiunganisha wewe. Huenda kuna jina angependa lisitajwe, na huenda kuna jambo analoona limesahauliwa.

Sasa tuje kwa kampuni. Unachonacho ni simu. Ofisa uhusiano ametoa ahadi kubwa na sharti kubwa, na hakuna hata moja lililoandikwa. Kwa nini uhukumiwe na tarehe ya mwisho wa mwezi ambayo mtu ameitamka tu? Ningependa ujiulize kama unaweza kumwandikia barua fupi ya heshima, ukimshukuru, na ukimwomba aweke kwenye karatasi kiasi cha fedha, malipo yatafanyika lini, na nini hasa kampuni inataka kuhusu yaliyomo. Huenda wakubwa wake wakajibu kwamba wanataka jina lao tu kwenye ukurasa wa shukrani. Huenda wakanyamaza, na kunyamaza kwao kutakuambia kitu. Hatari yake ni kwamba barua inaweza kuwafanya wajitoe, nawe ukajilaumu; hilo lifikirie kabla ya kuandika. Waulize pia kuhusu shule. Unajua, kwa kazi yako, kwamba vitabu vya ziada hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania kupata ithibati kabla ya kutumika shuleni. Je, kuna mtu aliyeanza kuiomba? Binamu yako anaogopa sura tisa kukaa kabatini, naye ana haki kuogopa, lakini nakala 4,000 zisizo na ithibati zinaweza nazo kuishia katika kabati la mwalimu mkuu.

Na sura yenyewe, mwanangu, je, iko tayari? Umesema haina tusi, nami ninakuamini. Lakini sura isiyo na tusi bado inaweza kuwa na tarehe iliyokosewa, au tuta lililojengwa na mmiliki aliyetangulia. Mikoko yote ya Tanzania Bara imehifadhiwa kisheria na haikatwi bila kibali, kwa hiyo kusema kwamba mikoko imeuawa na fulani ni kusema jambo zito linaloweza kukufikisha mahakamani kwa madai ya kashfa. Je, umezungumza na wanawake wengine waliokwenda ofisini? Kuna mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji ya wakati eneo lilipotolewa? Kumbukumbu ya Bibi ni ya thamani, na njia mojawapo ya kuiheshimu ni kutoiacha isimame peke yake mbele ya wakili. Pengine ukimaliza kazi hiyo utaona kwamba sura inaweza kusimama imara hata bila kulitaja jina la kampuni. Pengine utaona kwamba jina ni lazima. Hapo utakuwa unaamua kama mhariri, si kama mtu aliyebanwa ukutani.

Kuhusu njia zilizoko mbele yako, ya kwanza ni ile unayoiogopa: kuchukua fedha na kuondoa sura. Sitaiita usaliti kama anavyoiita mwanao, ingawa ninalipenda neno lake kwa sababu linaonyesha amekua akisoma vitabu vya mama yake. Yuko mtoto wa Moa au wa Pangani ambaye hajawahi kushika kitabu kinachomweleza mkandaa ni upi na mchu ni upi, na sura nane zingemfaa. Lakini yuko pia mtoto wa kijiji kile kile cha Bibi. Yeye atasoma mikoko ilivyopandwa, ilivyoota, ilivyorudisha kamba na kaa, kisha atafunga kitabu, atoke nje, na aione michu imekauka imesimama. Atakapouliza kati ya kitabu na macho yake nani mkweli, mwalimu wake atamjibu nini? Mtoto huyo ni mmoja kati ya 4,000, na sijui namna ya kumpima dhidi ya wale wengine. Nadhani hata wewe hujui, na ndiyo sababu hulali.

Huenda umewaza pia kugawa kazi kuwa vitabu viwili, kimoja cha watoto kuhusu mti na upandaji wake, kingine cha watu wazima chenye masimulizi yote. Ni wazo linaloweza kuwa la haki, kwa sababu kitabu cha watoto kingepangwa tangu mwanzo kuwa hivyo, kisiwe kitabu kilichokatwa. Hatari yake unaijua: cha kwanza kitalipiwa, na cha pili kitasubiri fedha, na wewe utachoka, na miaka itapita. Ukielekea huko, jiulize kwa ukweli ni kipi kitatangulia kwenda kwa mpiga chapa.

Kuna kuanza kidogo. Nakala 200 au 300, kwa wasomaji wanaolipa kabla, huku kila nakala ikiwa ghali zaidi kwa sababu gharama za kuhariri na kusanifu hugawanywa kwa nakala chache. Na kuna kutafuta mwenzako wa kuchapa naye. Mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, kuhusu Ulaya na Afrika kilitolewa kwa pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam na Bogle-L'Ouverture ya London, na hiyo Bogle-L'Ouverture ilikuwa kazi ya mke na mume, Jessica na Eric Huntley, walioianzia nyumbani kwao kwa michango ya marafiki. Chumba chao cha mbele hakikuwa tofauti sana na chako. Kuchapa pamoja hugawa gharama na hugawa hofu pia, lakini mwenzako naye atakuwa na maoni yake kuhusu sura, jalada na jina, na kazi inaweza kukaa mwaka mzima kwenye meza ya mtu mwingine.

Nimekaa pia juu ya neno lako kwamba nyumba ya uchapishaji inakufa. Ni nini hasa kitakachokufa? Chumba, usajili wa biashara, au kazi yenyewe? Ken Saro-Wiwa wa Nigeria, aliyenyongwa mwaka 1995 baada ya kuitetea ardhi ya Waogoni, alichapa vitabu vyake kupitia kampuni yake mwenyewe, Saros, naye alikuwa mfanyabiashara kabla ya hapo. Simtaji ili kukutia hofu. Ninamtaja kwa sababu mchapishaji mdogo anayetaka uhuru mara nyingi huhitaji mguu mwingine wa kusimamia, na huenda kurudi kufundisha masomo ya jioni, na kutoa kitabu kimoja kila baada ya miaka miwili, si kifo kama unavyokiona sasa. Huenda pia ikawa ni kifo kwako, kwa sababu uliondoka darasani kwa kuamua, na kurudi kungekuvunja. Hilo unalijua wewe.

Deni ningelitazama peke yake, siku nyingine, na kalamu mkononi. Una vitabu 11. Nakala ngapi ziko madukani kwa mali kauli, na ni lini mara ya mwisho mtoto wa kaka yako alizunguka kukusanya hesabu badala ya kupeleka mzigo mpya? Kitabu cha silikanti kilichouzika kimekwisha sanifiwa. Kukichapa tena hakugharimu kama kuanza kipya. Mpiga chapa anaweza kukubali malipo kidogo kidogo, kwa kuwa naye anahitaji mteja anayerudi. SACCOS nayo inaweza kukupangia upya marejesho, hasa ukienda kabla hujashindwa.

Kabla ya SACCOS, hata hivyo, wako wale walimu wawili. Umewataja kwa uchungu, lakini hukusema kama umewaambia. Ikiwa hawajui, basi wanabeba hatari wasiyoiona, na katika orodha yako ya watu wa kutendewa haki nao wamo. Ukiwaendea huenda wakakasirika. Huenda yule anayesomesha akakwambia chukua fedha za chumvi unilipe. Sauti hiyo itakuwa nzito, na hutakuwa na namna ya kuiepuka baada ya kuisikia. Bado nadhani ni vizuri zaidi kuisikia kwa masikio kuliko kuibeba kwa kuikisia usiku. Kumbuka tu kwamba wao wana haki ya kujua habari za akiba yao, na Bibi ana haki juu ya maneno yake, na si vyema upande mmoja uulizwe jambo la upande mwingine.

Mwanangu, umeandika kwamba umebaki peke yako kulinda kitabu. Ninapoisoma barua yako ninaona binamu, mwana, mtoto wa kaka na baiskeli yake, wadhamini wawili, na mwanamke aliyekuamini kwa rekodi 14. Umechoka, na mtu aliyechoka huhesabu waliomwacha kabla ya kuwahesabu waliopo.

Ukienda kwa Bibi, usiende na habari za kampuni mkononi. Nenda na sura ya saba, umsomee yote, polepole, na mjukuu asiwepo kama inawezekana bila kumkosea adabu. Akimaliza kusikiliza, mwulize alimaanisha nini aliposema itoe, kisha umwache anyamaze kadiri anavyotaka. Nenda siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, maana siku za bamvua, kwa jinsi ulivyomweleza, hutamkuta nyumbani.

Wako,
Shangazi